Breki Ziko Nyuma

Katika mji ule hakukuwa na mtu aliyeijua breki kuliko yeye. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni cha gari la shule ya udereva, gari lenye pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na pedali hiyo aliikanyaga mpaka soli ya kiatu chake cha kulia ikawa inakwisha miezi minne kabla ya ile ya kushoto. Usoni wanafunzi walimwita Mwalimu. Akigeuka tu, walimwita Bwana Breki, na wapo waliohitimu bila kujua jina lake jingine.

Wiki tatu zilizopita alikuwa ameanza kumfundisha mke wake. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni kilomita mbili, na katika kilomita hizo mbili alikanyaga breki mara arobaini. Mkewe alihesabu. Ya arobaini ilikuwa katikati ya njia panda, taa ikiwa ya kijani, hakuna gari, hakuna mtu, hakuna hata kuku. Mkewe akazima injini, akachomoa ufunguo, akamwekea mapajani, akashuka, akapanda teksi kwenda kwa mama yake. Mwalimu wa udereva akabaki katikati ya njia panda, kwenye kiti kisicho na usukani, akipigiwa honi na watu aliowafundisha mwenyewe.

Alituma shemeji, akatuma jirani, akatuma ujumbe mrefu wenye vifungu vilivyotiwa namba. Hakuna kilichojibiwa. Kisha, siku ya Alhamisi, mama mkwe akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kuendesha baiskeli?"

"Najua, mama."

"Basi Jumamosi utanizungusha kile kisiwa. Chote, kuanzia gatini mpaka gatini."

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Miaka thelathini na minane alifanya kazi kwenye wodi ya wazazi ambayo dirisha lake lilitazama kisiwa ng'ambo ya maji. "Wenzangu walikuwa wakipiga kelele kitandani, mimi naangalia kisiwa nisije nikapiga kelele pamoja nao," alisema. "Uso wake naujua kuliko wangu. Sasa nataka kuona mgongo wake."

"Na mke wangu, mama?"

"Mke wako atakuja na boti ya mchana, anikute gatini. Boti hiyo inageuza saa kumi. Nikimwambia rudi kwako, atarudi. Nikinyamaza, usihangaike kumfuata."

"Sasa mama, utakuwa unaangalia nini?"

"Nitaangalia," akasema mama mkwe, na simu ikakatika.

Basi Jumamosi saa tatu asubuhi boti ikawashusha kisiwani: yeye na shati lake lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya kiwiko, mama mkwe na raba nyeupe za kazini, kofia ya majani, na mfuko uliojaa machungwa. Banda la kukodisha baiskeli lilikuwa hatua ishirini kutoka gatini. Mwenyewe aliitwa Spoku, mwembamba kama spoku ya gurudumu, na miwani yake ilifungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Baiskeli zote zilikuwa zimetoka tangu alfajiri. Ilibaki moja, ndefu, ya watu wawili.

"Hii inakwenda vizuri," Spoku akasema. "Ila mjue mapema. Usukani uko mbele, breki ziko nyuma."

"Breki ziko nyuma kwa nini?"

"Waya ulikuwa mfupi."

"Waya mfupi ungeishia mbele au nyuma?"

"Aliyeufunga alikuwa amekaa nyuma," Spoku akasema, kama mtu aliyekwisha kujibu.

Mwalimu akatazama siti ya nyuma, akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameshapanda. Vidole vyake, vilivyopokea nusu ya mji, vilikuwa vimeshashika breki zote mbili.

Spoku akatoa daftari lenye jalada gumu. "Kuna masharti ya njia. Nikusomee, au utasoma mwenyewe?"

"Bwana," Mwalimu akasema taratibu, kwa ile sauti ya kumsamehe mtu kabla hajakosa, "mimi kazi yangu ni kufundisha masharti ya njia. Mwaka wa kumi na tatu huu."

"Ya hapa?"

"Njia ni njia." Akatia saini bila kufungua ukurasa.

Spoku akatazama saini, akatazama jua. "Haya. Nendeni, bahari iwe kushoto kwenu."

Njia ile ilikuwa ya udongo mwekundu uliogandamana, pana kiasi cha mkokoteni mmoja, kilomita ishirini na saba kuzunguka kisiwa. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu zake: saa mbili na nusu, wapumzike, wale machungwa, wafike gatini kabla ya adhuhuri, wamsubiri mkewe kivulini. Aliendesha mgongo ukiwa wima. Hawajafika mita mia moja, breki zikashika, naye akalala kifudifudi juu ya usukani.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kujua kama zinashika."

Ya pili ilikuwa ya mbuzi, ambaye alikuwa amefungwa, tena ng'ambo ya ua. Ya tatu ilikuwa ya kumsalimia mwanamke aliyekuwa akianika makumbi ya nazi. Ya nne ilikuwa ya jani. Kila mara Mwalimu alirushwa mbele, kila mara shati lilipoteza mkunjo mmoja, na kila mara alifungua mdomo na kukumbuka ni nani aliyekaa nyuma yake. Mtu hamwambii mama mkwe kwamba hajui breki. Ilipofika ya kumi na tano alianza kuhesabu kwa sauti ya chini.

"Unasema nini, mwanangu?"

"Naomba dua, mama."

"Omba. Kilima kinakuja."

Kwenye kilima mama mkwe aliacha breki na kurudia kazi yake ya zamani. "Sukuma. Usibane pumzi. Pumua, halafu sukuma. Usipige kelele, kelele zinakula nguvu. Vizuri, baba. Sukuma, kichwa kinaonekana." Wanaume wawili waliokuwa wakichonga mpini kando ya njia waliinuka wakavua kofia. Mwalimu alifika juu akiwa na hisia kwamba amezaa, na kwamba mtoto hafanani naye.

Mgongo wa kisiwa ulikuwa huko. Haukuwa na minazi ya kupendeza wala mchanga mweupe. Ulikuwa mawe meusi, upepo, magugu yaliyolalia upande mmoja, na nyumba chache zilizoipa bahari kisogo kana kwamba wamegombana. Mama mkwe alifunga breki ya ishirini na tatu, akashuka, akasimama muda mrefu.

"Mbaya," akasema kwa furaha. "Miaka yote hiyo nilihisi tu. Mtu hawezi kuwa mzuri pande zote."

Walikuwa wamebakiza kilomita saba, na Mwalimu alianza kuona shati lake likiwa limepigwa pasi tena mbele ya mkewe, wakati mlio wa chuma uliposikika. Chini ya kibanda cha bati kando ya njia alikaa mwanamke mnene mwenye miwani, meza mbele yake, saa ya ukutani imelazwa juu ya meza, na ringi ya baiskeli imening'inizwa juu ya kichwa chake. Alikuwa akiipiga kwa nyundo. Alipiga mara kumi na mbili.

Ndipo kisiwa kikageuka. Mzee aliyebeba matenga ya kuku alikuwa mita thelathini tu mbele yao, akienda walikokuwa wakienda wao. Aligeuza baiskeli pale pale na kurudi alikotoka, kuku na yote. Kijana mwenye madumu ya maji akageuka. Mwanamke aliyekuwa amefunga mlango mzima wa mbao ubavuni mwa baiskeli yake alishuka, akaukumbatia ule mlango, akaugeuza kwa uchungu kama mtu anayecheza dansi na kabati, na kuelekea nyuma.

"Na nyinyi," mwenye nyundo akasema. "Saa sita. Geuzeni."

"Samahani, dada. Wewe ni nani?"

"Karani wa njia. Kabla ya saa sita, bahari kushoto. Baada ya saa sita, bahari kulia. Hamkusoma?"

Mwalimu alisikia mama mkwe akimenya chungwa nyuma yake. Alisikia kila uzi wa ganda.

"Sheria hii inatoka wapi?" akauliza.

Karani akajibu kama aliyeulizwa mara nyingi na kuchoka mara nyingi zaidi. Zamani kisiwani kulikuwa na baiskeli mbili tu. Siku moja zilikutana njiani uso kwa uso, na wenyewe wote wawili walikuwa na haki. Hakuna aliyempisha mwenzake. Walisimama siku mbili, wake zao wakiwaletea chakula na mablanketi. Ndipo kamati ikakaa.

"Kwa hiyo hakuna anayezunguka kisiwa?"

"Watu wa hapa hawazunguki. Wanakwenda na kurudi. Ndugu yangu yule pale," akaelekeza nyundo kwenye nyumba ya pili mbele, ambako mwanamume mmoja aliyeegemea baiskeli yake alipunga mkono. "Miaka kumi na mmoja tunapungiana kila saa sita. Hajawahi kuja kunywa chai, maana akija mchana hawezi kurudi kwake mpaka asubuhi."

"Si aje kwa miguu?"

Karani alimtazama kama aliyetukanwa. "Ana baiskeli. Mwenye baiskeli aende kwa miguu, watu watasema nini?"

Mama mkwe alikuwa ameshamfuata mwenye mlango. Huyo alikuwa fundi seremala, mikono ina gundi hadi kwenye viwiko. "Huu unaupeleka wapi, mwanangu?"

"Zahanati ya gatini, mama. Tangu Jumatatu. Upepo unaukamata, nafika hapa chuma kinagongwa. Kesho nitaamka mapema zaidi."

"Zahanati mlango gani?"

"Wa chumba cha kujifungulia."

Mama mkwe akaacha kutafuna. "Chumba cha kujifungulia hakina mlango?"

"Kina pazia."

"Pazia," mama mkwe akasema. Akarudi kwenye baiskeli, akapanda siti yake, akashika breki. "Mwanangu, hatugeuzi."

Sasa ugumu ukawa wa Mwalimu peke yake. Kurudi ilikuwa rahisi: kilomita ishirini za njia anayoijua, na saa tisa wangekuwa gatini. Lakini kisiwa kingekuwa hakijazungukwa, na mama mkwe angenyamaza. Kwenda mbele ilikuwa kuvunja sheria ya njia mchana kweupe, yeye, aliyewahi kumfelisha mwanafunzi kwa kupiga chafya kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Alisimama hapo, na jasho likamtoka mahali ambapo hakujua kuwa panatoa jasho.

Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya asubuhi. "Dada karani, naomba hayo masharti niyasome."

Karani akampa daftari. Alisoma akiwa amesimama, kurasa tisa, pamoja na saini za kamati na doa la chai. Akarudi ukurasa wa tatu. Akasoma kwa sauti: "Kuanzia saa sita, kila baiskeli iliyo njiani, iwe imepandwa au inasukumwa, itaelekeza usukani wake ili bahari iwe kulia, na aliyeshika usukani ataelekea huko huko."

"Nimeandika mimi," karani akasema.

"Umeandika vizuri sana. Imesemwa pa kuelekea. Haikusemwa pa kwenda."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma. Akasoma tena kidole kikifuata mstari.

"Kurudi kinyumenyume ni somo la tisa," Mwalimu akamwambia, na kwa mara ya kwanza siku ile mgongo wake ukanyooka wenyewe. "Nalifundisha kila Jumanne."

Wakaigeuza baiskeli, bahari ikawa kulia. Mwalimu akashika usukani, uso wake ukitazama walikotoka, kama sheria ilivyotaka. Mama mkwe akashuka akasimama kando ya gurudumu la nyuma, breki mkononi. Yeye hakushika usukani, kwa hiyo alikuwa huru kutazama anakotaka, na alitazama gatini.

"Mama, mimi sitaona ninakokwenda."

"Mimi nitaona. Nikisema bahari, sogea upande wa bahari. Nikisema bara, sogea bara. Nikifunga breki, simama."

Wakaanza. Hatua mia moja za kwanza zilikuwa aibu tupu. Kisigino kilitafuta ardhi na kupata jiwe, usukani ulikwenda kinyume na akili yake, na baiskeli ndefu ilijinyonga kama nyoka aliyekanyagwa. "Bahari," mama mkwe akasema. "Bahari nimesema, hiyo ni bara. Rudi. Pumua." Ndugu yake karani aliwatazama wakipita. Halafu, kwa kuwa sasa alijua atakavyorudi, akapanda baiskeli yake, bahari ikiwa kulia, akaenda kwenye kibanda cha dada yake. Karani akainuka. Mwalimu, aliyekuwa anatazama huko, alimwona akivuta stuli ya pili.

Aliona na mengine. Mwenye mlango alisimama akafikiri, akauacha mlango wake ulivyoelekea, akafuata kinyumenyume. Mzee wa kuku naye. Kijana wa madumu naye. Hakuna kati yao aliyemwona mwenzake anakwenda wapi. Wote walitembea kwa sauti ya mkunga mmoja aliyekuwa mbele, ambayo haikuwa kubwa, lakini ilikuwa imezoea kutiiwa na watu wenye maumivu.

"Kidogo bara. Pumueni. Mwenye kuku, usiharakishe. Bahari."

Na breki hakuacha. Alifunga ya thelathini, ya thelathini na tano. Foleni nzima ilisimama ikigongana, mlango ukabisha hodi kwenye tenga la kuku. Mwalimu alihesabu. Ya arobaini ilikuja mahali peupe, njia imenyooka, kimya. Alitega sikio. Hakuna mbuzi, hakuna salamu. Hapo hapo miguu yake ikakumbuka njia panda na taa ya kijani.

"Mama, hakuna kitu."

"Najua."

Hakuziachia. Upepo ukapita, kuku mmoja akalalamika.

"Unasikiaje?" akauliza mama mkwe.

Alikuwa na majibu mengi, yote yana namba za vifungu. Aliyapitia moja moja, akayaacha. "Nasikia kama mtu aliyeambiwa hajui kutembea," akasema, "na watu wapo."

Mama mkwe akaachia breki. Wakaendelea muda mrefu bila neno ila bahari na bara. Jua likashuka likamkaa Mwalimu machoni, na miguu yake, pasipo yeye kuiamrisha, ikaanza kuamini. Akaacha kupapasa kwa kisigino, akawa anaweka mguu mzima. Ndipo breki ya arobaini na moja ikashika ghafla, kwa nguvu zote. Mguu wake wa kulia ulikuwa hewani. Akageuza shingo: ilikuwa karavati ya kupitishia maji iliyovunjika upande wa njia, shimo la kumeza mtu hadi kifuani, nusu hatua kutoka kwenye soli yake nyembamba.

"Hiyo ilikuwa ya kwako," mama mkwe akasema. "Bara kidogo. Wenzangu huko, shimo upande wa bahari. Pumueni."

Mkewe alikuwa ameketi juu ya boya kuukuu gatini, mkoba mapajani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nne, na mtu wa boti alikuwa ameanza kufungua kamba. Aliona kwanza mama yake, kofia imekwenda upande, akitembea mbele kama anaongoza harusi. Nyuma yake akaona mgongo wa mtu, shati limelowa, halafu mlango, halafu migongo mingine na mikia ya baiskeli, wote wakimjia kinyumenyume. Spoku alitoka bandani, akavua miwani akaikung'uta.

Mama mkwe akafika kwenye ubao wa kwanza wa gati. "Simama, mwanangu. Umefika pale pale tulipoanzia."

Mwalimu akageuka. Alikuwa ameandaa maneno tangu Alhamisi. Yalikuwa yamedondoka njiani yote, na hakurudi kuyaokota.

"Mama," mkewe akasema bila kumtazama mumewe, "breki zilikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Ukafunga mara ngapi?"

"Muulize yeye. Alikuwa anaomba dua kwa kuhesabu."

Mkewe akamtazama. "Arobaini na moja," Mwalimu akasema. "Arobaini hazikuwa na sababu."

"Na zile zako?"

Mtu wa boti aliita kwamba anaondoka. Mzee wa kuku, ambaye hakuwa anasafiri, alimwambia angoje kidogo, watu wanaongea.

"Zangu hazikuwa na sababu hata moja," Mwalimu akasema. "Hata ya njia panda. Niliogopa tu."

Mkewe akafungua mkoba, akatoa kadi ndogo, akamwonyesha kwa mbali. Ilikuwa leseni ya udereva, mpya, ya siku nne. "Nimefaulu Jumanne. Kwa yule mwalimu mpinzani wako."

Neno hilo likamwingia pabaya. "Yule? Breki yake ya pili imekufa tangu mwaka juzi."

"Ndiyo maana nilikwenda kwake."

Mama mkwe alikuwa akimhimiza seremala apeleke mlango zahanati, kwa mkono tu, macho yakiwa kwa binti yake. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza chumvi: "Rudi kwake. Ila usukani ushike wewe."

Boti ilipowashusha ng'ambo ya maji, gari la shule ya udereva lilikuwa limeegeshwa chini ya nguzo ya taa, kama alivyoliacha asubuhi. Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni na kumpa mkewe. Akazunguka kwa mazoea hadi kwenye kiti cha pembeni, akakuta kimekaliwa. Mama mkwe alikuwa ameshafunga mkanda, na raba yake nyeupe imetulia juu ya pedali ya pili.

"Nyuma kuna nafasi," akamwambia.

Akaingia nyuma. Magoti yakafika kidevuni. Mkewe akawasha gari, akatazama vioo vyote vitatu kwa mpangilio unaotakiwa, akaingia barabarani. Njia panda ya kwanza taa ilikuwa ya kijani. Mguu wa kulia wa Mwalimu ukaruka wenyewe, ukakanyaga zulia la gari kwa nguvu zote, na gari halikusimama. Mbele yake raba nyeupe haikutikisika. Wakapita.

Mkewe alimtazama kwenye kioo. "Umekanyaga?"

"Nimekanyaga," akasema.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya kwanza."

Mkewe akaingiza gia ya tatu.